UZI: Damu yako ikibaki kwenye friza baada ya utafiti kuisha, nani aulizwe ikitumika tena?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nimefanya kazi ya usaidizi wa utafiti kwa miaka sita. Muda mwingi nilikuwa nakaa na mtu kwenye kichumba chenye viti viwili, namsomea fomu ya ridhaa, najibu maswali yake, kisha nampa kalamu. Fomu yenyewe kurasa saba. Ukurasa wa kwanza mtu anakusikiliza vizuri. Wa tatu anaanza kuangalia mlango. Ukifika wa sita amechoka, anatikisa kichwa kila ukinyamaza hata kama hujauliza kitu. Na ni huko ukurasa wa sita, chini kabisa, ndiko kuna viboksi viwili: nakubali au sikubali sampuli zangu zitakazobaki zihifadhiwe kwa ajili ya tafiti za baadaye.

Karibu wote walikuwa wanatia tiki kwenye "nakubali". Bosi wangu alikuwa akizihesabu zile tiki na kusema, "Unaona? Watu hawana shida na hili." Nami niliamini hivyo mpaka siku mama mmoja mtu mzima aliponisimamisha hapo hapo kwenye viboksi. Akauliza, "Itakaa huko mpaka lini?" Nikamsomea ilivyoandikwa: kwa muda usiojulikana. Akatulia kidogo. Halafu akasema, "Kwa hiyo damu yangu itanizika."

Hakukasirika, alicheka kabisa. Akatia tiki kwenye "nakubali", akanirudishia kalamu. Ila katika watu wote niliowasomea, huyo ndiye wa kwanza niliyekuwa na uhakika kwamba amejua anakubali nini.

Tangu hapo nikaanza kusoma watu wanasemaje wakiulizwa kwenye tafiti za maoni. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mwaka 2006 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilitoa makala iliyokusanya tafiti 30, zaidi ya watu 33,000, ikaonyesha kwamba kati ya asilimia 79 na 95 wako tayari kutoa ridhaa mara moja tu, ya jumla, na sampuli zitumike. Sawa. Halafu mwaka 2010 Eurobarometa, yaani kura ya maoni ya Umoja wa Ulaya, wakawauliza watu wa Ulaya, asilimia 67 wakasema mtafiti aombe ruhusa upya kwa kila utafiti mpya. Waliosema mara moja inatosha ni asilimia 18.

Sasa tumwamini nani? Tiririkeni.

---

Mpita Njia 7

Mkuu, damu ikishatoka mwilini si yangu tena. Nikinyoa nywele simfuatilii kinyozi kumuuliza amezipeleka wapi. Watumie tu, mradi dawa zipatikane. Mnapenda kukuza mambo.

---

Nyuki Jike

@Mpita Njia 7 kinyozi wako hana haja na nywele zako, ndiyo maana humfuatilii. Angekuwa anaziweka kwenye mfuko wenye namba, anazigandisha, na miaka kumi baadaye anajua kutokana nazo ugonjwa gani unakuja kwa mwanao, ungerudi mbio pale.

Maana damu si yako peke yako. Humo ndani kuna mama yako, kuna ndugu zako ambao hawakukaa kwenye kile kichumba cha mleta uzi wala kusomewa chochote.

Msome Henrietta Lacks. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore akiwa na saratani ya shingo ya kizazi. Wakamkata kipande cha uvimbe, kikapelekwa maabara bila yeye kuambiwa. Seli za watu wengine zilikuwa zinakufa baada ya siku chache, zake zikagoma kufa, zinajizidisha mara mbili kila baada ya kama saa 24. Yeye akafariki Oktoba mwaka huo huo, ana miaka 31. Seli zikasambazwa dunia nzima kwa jina HeLa, zikasaidia kupima chanjo ya polio na mambo mengine chungu nzima. Familia yake wakaja kujua miaka ya sabini, watafiti walipoanza kuwatafuta wao nao watoe damu.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya wakachapisha jenomu nzima ya HeLa, yaani taarifa zote za vinasaba vyake, wazi mtandaoni. Mwaka 2013, wakuu! Watu wenye elimu yao, zaidi ya miaka sitini baadaye, na bado hakuna aliyekumbuka kupiga simu kwa wajukuu. Familia ilipolalamika ndipo taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ikakaa nao, na wawakilishi wao wakaingizwa kwenye kamati inayoamua nani aione hiyo jenomu.

---

zamu_ya_usiku

Nafanya kazi maabara, nitasema ya upande wetu.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu Lacks: mwaka 1951 hakukuwa na sheria pale inayomtaka daktari aombe ruhusa ya namna hiyo, ilikuwa kawaida kuchukua mabaki ya vipimo. Hilo halifuti uchungu wa familia, ila tusimhukumu wa jana kwa fomu ya leo.

Pili, mjue friza ilivyo. Digrii 80 chini ya sifuri. Ukifungua mlango mvuke unakumwagikia miguuni, una sekunde chache za kutafuta boksi lako kabla kengele haijaanza kupiga kelele. Boksi moja lina vichupa 81, tisa kwa tisa, kila kimoja kirefu kama kiungo cha kidole, kina kibandiko cha namba. Mimi sioni jina la mtu. Namba tu.

Sasa mtafiti anakuja na swali jipya, la ugonjwa ambao miaka kumi iliyopita haukuwa na hata kipimo. Mnataka tumpigie kila mwenye chupa? Nimewahi kushiriki zoezi hilo. Simu nyingi hazipatikani. Mwingine anapokea mtoto, anasema baba alishafariki. Umempigia yatima kumuuliza habari za damu ya baba yake iliyopo kwenye friza. Baada ya kama simu ya ishirini nilimwomba mwenzangu anipokee.

Ndiyo maana kuna ridhaa pana. Kule Uingereza, UK Biobank, benki ya sampuli na taarifa za afya kwa ajili ya utafiti, ilikusanya watu 500,000 wa umri wa miaka 40 mpaka 69 kati ya 2006 na 2010, na wote walikubali mapema kwamba sampuli zitatumika kwa tafiti za afya ambazo hazijajulikana. Wangetaka kuulizwa mmoja mmoja kwa kila utafiti, benki hiyo isingekuwepo.

---

Mzee wa Hoja

Niongeze kesi moja ambayo watu huinukuu vibaya. John Moore, Marekani. Alikuwa na aina ya saratani ya damu, mwaka 1976 akatolewa wengu. Kwa miaka kadhaa daktari wake akawa anamwita arudi Los Angeles kutoka Seattle, anatoa damu na vitu vingine, anaambiwa ni ufuatiliaji wa afya yake. Kumbe seli zake zilikuwa zinatengenezewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), ikatoka 1984. Kilichomshtua ni fomu. Mwaka 1983 aliletewa karatasi ya kukabidhi haki zote za seli hizo, akazungushia duara pale penye "sitoi". Wakampigia simu kumwambia amekosea kujaza.

Mahakama ya juu kabisa ya California ilitoa uamuzi 1990. Wengi wanakumbuka nusu ya kwanza tu: seli zikishatolewa hana umiliki nazo. Hapo @Mpita Njia 7 ameshinda. Nusu ya pili wanaisahau: daktari alitakiwa kumwambia kwamba ana maslahi yake binafsi kwenye hizo seli, ya utafiti na ya pesa, kabla ya kumkata na kila alipomwita. Kwa hiyo mahakama ilisema wengu si mali yako, lakini hatuwezi kukufanya mjinga.

---

Mpita Njia 7

Hahaha asante mzee, nimeshinda nusu. Lakini mnaona? Mwisho wa siku ni pesa. Mtu akisikia kampuni imetengeneza faida ndipo anakumbuka alikuwa na ridhaa.

---

Nyuki Jike

Pesa ingekuwa kila kitu, Wahavasupai wangefanya sherehe.

Hawa ni watu wachache wanaoishi chini kabisa ya bonde la Grand Canyon, Arizona. Kisukari kilikuwa kinawamaliza. Kuanzia 1990 wakatoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo, wakijua ni kwa ajili ya kisukari. Mwaka 2003 mmoja wao akaingia kusikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu yake ya udaktari, akagundua kinachojadiliwa pale ni damu ya watu wake. Akanyoosha mkono akauliza kama kulikuwa na ruhusa. Baadaye ikaonekana damu ile ile ilitumika kutafiti skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuoana kwa ndugu, na uhamaji wa mababu, yaani kuwaeleza kwamba asili yao ni Asia wakati wao mapokeo yao yanasema walitokea pale pale bondeni.

Mwaka 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41. Gawanya mwenyewe. Na jambo jingine walilodai na kupewa ni damu yao irudishwe. Wakaenda kuichukua. Mtu anayetafuta pesa hafuati vichupa vya damu iliyoganda.

---

Kalamu Butu (mleta uzi)

Mmenipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, asanteni. @zamu_ya_usiku hiyo ya simu imenikaa kichwani.

Nirudi kwenye swali langu la asilimia, maana kuna nilichokiona tangu jana nikisoma tena. Nadhani zile namba mbili hazigombani. Zinatokana na namna swali lilivyoulizwa.

Ukimpa mtu chaguo moja, "unakubali ridhaa ya jumla au hukubali", wengi wanakubali, kwa sababu wanapenda kusaidia na kukataa kunaonekana uchoyo. Ukimwekea mezani chaguo zote, mara moja, kwa makundi ya magonjwa, au kila utafiti, anagawanyika. Kuna uchunguzi wa Marekani wa 2009, watu zaidi ya 4,600. Asilimia 48 walichagua ridhaa ya jumla, 42 wakataka kuulizwa kila mara. Karibu nusu kwa nusu. Na katika watu hao hao asilimia 90 walisema wana wasiwasi na faragha, lakini asilimia 60 wakasema wangeshiriki hivyo hivyo. Mtu ana wasiwasi na bado anatoa. Bosi wangu angehesabu tiki tu, wasiwasi usingeonekana popote.

Mwaka 2015 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, likatoa utafiti mwingine, mzuri zaidi kwa maoni yangu. Watu walikubali kwanza, kisha wakapewa mifano ya tafiti zinazoweza kufanywa na sampuli zao: nyingine zinahusu utoaji mimba, nyingine kampuni kujipatia hataza, nyingine silaha za kibayolojia. Kwa baadhi ya mifano hiyo, waliokubali wakaanza kupungua. Madhara kwao hayakubadilika hata kidogo, damu ni ile ile na jina limefichwa vile vile. Hawakutaka tu mkono wao uwemo kwenye kazi hiyo.

Kwenye fomu niliyokuwa nasoma mimi maneno yalikuwa "tafiti za baadaye". Maneno matatu tu. Sikuwahi kutoa hata mfano mmoja, na hakuna aliyenifundisha nitoe.

---

Mama wa Wawili

Mimi si mtaalamu, nimepita nikavutwa. Je, na watoto wachanga? Mwanangu wa kwanza alichomwa kisigino siku ya pili, wakadondosha damu kwenye kadi yenye viduara, wakaniambia ni kipimo cha magonjwa ya kuzaliwa nayo. Majibu yakaja mazuri, nikasahau. Miaka mingi baadaye nikasikia kwenye kikao cha wazazi kwamba zile kadi huwa hazitupwi kila mahali, nyingine zinatunzwa na kutumika kwenye utafiti. Nikajisikia ajabu sana. Si kwamba ningekataa. Ningekubali kwa moyo mmoja! Lakini niliambiwa ni kipimo.

---

Mzee wa Hoja

@Mama wa Wawili hayo uliyoyasikia yalishafika mahakamani. Texas walikuwa wanahifadhi kadi hizo na kuzitumia bila kuwaambia wazazi. Wazazi wakashtaki 2009, jimbo likamaliza kesi kwa kukubali kuteketeza zaidi ya sampuli milioni tano. Milioni tano! Hazina ya utafiti ambayo huwezi kuikusanya upya, imechomwa kwa sababu mtu aliona kuuliza ni usumbufu.

Na swali lako lile la "ningekubali" lilipimwa. Kwenye utafiti uliochapishwa 2010 wazazi wa Marekani waliulizwa kama wako tayari kadi za watoto wao zitumike kwenye utafiti. Wakiombwa ruhusa kwanza, asilimia 76 wako tayari. Bila kuombwa ruhusa, asilimia 28.

---

Kalamu Butu (mleta uzi)

76 na 28, mtoto yule yule na kadi ile ile. Mzee, ungeanza na hiyo tungeokoa kurasa.

---

zamu_ya_usiku

Nakubali namba hizo, sibishi. Ila msikimbilie kusema suluhisho ni rahisi. Kuna wanaopendekeza ridhaa endelevu, mtu ana akaunti yake, anatumiwa ujumbe kila utafiti ukija, anabonyeza ndiyo au hapana. Mnajua wenyewe mnavyozitendea jumbe. Ukimya wa mtu utauhesabu ni ndiyo au hapana? Ukisema ndiyo, umerudi pale pale. Ukisema hapana, friza inabaki na wenye muda, simu nzuri na elimu, halafu dawa zinatengenezwa kwa kuwaangalia hao.

Mimi ningependa watu wapewe mlango wa kutokea unaoeleweka. UK Biobank wana ngazi: unaweza kusema msiwasiliane nami tena lakini endeleeni kutumia, au msichukue taarifa mpya zangu, au acheni kutumia kabisa. Hiyo ya mwisho nayo ina ukomo, data ambayo imeshaingia kwenye uchambuzi uliokamilika hairudi. Hilo mtu aambiwe siku ya kwanza, si siku anayotaka kutoka.

Kuhusu namba badala ya majina naomba nijirekebishe kabla Mzee hajanikamata.

---

Mzee wa Hoja

Umechelewa haha. Mwaka 2013 jarida la Science lilionyesha. Watafiti walichukua jenomu zilizowekwa wazi bila majina, wakalinganisha alama za kromosomu Y, ile baba anayomrithisha mtoto wa kiume, na tovuti za watu wanaotafuta ukoo wao, wakapata majina ya ukoo. Wakiongeza umri na jimbo, wakawafikia karibu watu 50. Kwa hiyo "hatujui ni nani" isomeke "hatujatafuta".

---

Mpita Njia 7

Nimesoma zote, nimebadilika kidogo, msishangilie.

Bado naona fomu yenyewe ni geresha. Kurasa saba za lugha ya mwanasheria zinamlinda nani? Si yule mama. Siku kukitokea tatizo watatoa karatasi: ulisaini. @Kalamu Butu hebu sema kweli, uliwahi kuona mtu akikataa hicho kiboksi na mkuu wako akafurahi?

---

Kalamu Butu (mleta uzi)

Hapana. Akikataa nilikuwa naulizwa kama nilimweleza vizuri. Akikubali hakuna aliyeuliza hivyo.

---

Nyuki Jike

Hiyo hapo juu iwekwe kwenye fremu.

---

Mama wa Wawili

@zamu_ya_usiku naomba kuuliza, hivi kuna mtu huwa anakuja kweli kusema anataka yake itolewe?

---

zamu_ya_usiku

Nimeona mmoja kwa miaka yote niliyofanya kazi. Mwanaume wa makamo, amevaa kama anakwenda kwenye mahojiano ya kazi. Kwa utaratibu alitakiwa kujaza karatasi mapokezi aende zake, sisi tuteketeze, tumwandikie. Akasema anaomba aone. Msimamizi akasita, mwisho akaruhusu asimame nje ya kioo.

Nilitafuta namba yake, vichupa vinne, boksi la tatu. Nikavitoa, nikamwonyesha kwenye kioo. Vilikuwa vimefunikwa theluji hata kibandiko hakisomeki, ikabidi nikifute kwa kidole gumba ahakiki namba na karatasi yake. Akahakiki vyote vinne, tarakimu kwa tarakimu. Nikavitia kwenye mfuko wa taka hatarishi, nikafunga kwenye mashine ya mvuke. Inachukua kama saa nzima ile. Nilidhani ataondoka. Alisimama mpaka mashine ikalia.

---

Mpita Njia 7

Alikuwa na hasira?

---

zamu_ya_usiku

Hapana, mpole kabisa, alinishukuru. Kisha akauliza kama anaweza kupata nakala ya ile fomu ya kwanza aliyosaini, ya miaka ile. Tukaitoa kwenye faili. Pale chini pana mstari wa mshiriki kuthibitisha kwamba amepewa nakala yake. Ulikuwa mtupu.